Njiwa wa madoa au wa mistari? Tukubaliane majina kwanza

Wafugaji wenzangu wa njiwa kuanzia Mbeya mpaka Iringa, hii ya kuuziana kwa maneno ya simu itatugombanisha jamani. Mtu wa Uyole anaandika "dume la bluu la madoa", wa Kihesa anatuma hela, boksi linapanda basi, akifungua anakuta mistari miwili bawani basi, vita inaanza. Na hapo hakuna tapeli, kila mtu ana majina yake tu.

Mi naona tunachanganya rangi na mchoro. Rangi za msingi ni tatu, bluu, nyekundu ya majivu na kahawia. Mchoro wa bawa ni habari nyingine, unarithiwa kivyake, na iko minne: cheki nzito (madoa yamejaa karibu bawa lote), cheki ya kawaida (ndo hayo tunayoita madoa), mistari, na mtupu asiye na chochote. Huo ndo mpangilio wa nguvu pia, wa mbele anamficha wa nyuma. Kwa hiyo cheki wawili wanaweza kukutolea kinda la mistari, ila mistari kwa mistari haitoi cheki, ukiikuta kwenye kiota chako kamuulize dume wa jirani 😂

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha michoro hii inatokana na jeni moja (kile kinachobeba urithi kutoka kwa wazazi) inaitwa NDP, na kwamba cheki iliingia kwa njiwa wa kufugwa kutoka kwa Columba guinea, yule njiwa pori wa huku huku Afrika mwenye macho yamezungukwa na wekundu na vidoa vyeupe bawani. Jeni hiyo hiyo ikiharibika kwa binadamu inaleta upofu, na njiwa watupu wengine wana shida ya kuona kweli, sasa wewe ukimuuza mtupu kwa jina la "bluu safi" unamficha mnunuzi kitu cha maana.

Napendekeza tuandike rangi, halafu mchoro, halafu jinsia: bluu, mistari, jike. Basi. Picha ya bawa limekunjwa, mchana, bila filta.

Mweusi tii ndo mtihani, maana kuna jeni nyingine inatandaza weusi juu ya mchoro wote, chini anaweza kuwa cheki au mistari na humjui. Huyo andika tu "mweusi, mchoro haujulikani" mpaka makinda yake yamuumbue.