Baba wa Dáil: heshima ya mbunge mkongwe wa Ayalandi

Baba wa Dáil ni jina la heshima la mbunge wa Ayalandi aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake, bila kukatika, katika Dáil, yaani lile baraza la bunge linalochaguliwa moja kwa moja na wananchi. Jina hilo halina mshahara, ofisi wala mamlaka. Hata bunge jipya linapokutana kwa mara ya kwanza, anayesimamia uchaguzi wa spika ni katibu wa bunge, si yeye.

Uzito uko kwenye maneno "bila kukatika". Seán MacEntee, waziri wa miaka mingi, aliingia kwa mara ya kwanza kwenye uchaguzi wa 1918, lakini alikuwa nje ya bunge kati ya 1922 na 1927. Aliporudi hesabu ilianza upya, na waliochaguliwa 1923 wakawa wamemtangulia.

Mmoja wa hao ni Patrick Smith, mkulima wa Cavan, na kwangu mimi ndiye mfano ulio bora. Alichaguliwa 1923 ila hakuketi bungeni hadi 1927, kwa sababu kundi lake lilikataa kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Miaka hiyo inahesabiwa, kwa kuwa kinachotazamwa ni kuchaguliwa. Baadaye alikuwa waziri wa kilimo mara mbili. Oktoba 1964 alijiuzulu uwaziri, akiona serikali ya Seán Lemass inawanyenyekea mno vyama vya wafanyakazi huku wakulima wakisahauliwa. Wengi wangeishia hapo. Yeye alirudi viti vya nyuma na watu wa Cavan wakaendelea kumchagua hadi alipostaafu 1977, karibu miaka 54 tangu aanze. Hakuna aliyemfikia mpaka leo.

Enda Kenny wa Mayo ni habari nyingine. Alikuwa mwalimu wa miaka 24 baba yake, naye mbunge, alipofariki 1975. Akagombea uchaguzi mdogo akashinda. Mwaka 2002 nusura apoteze kiti. Mwaka 2011 akawa waziri mkuu, na mwaka huohuo akawa Baba wa Dáil, hadi alipoondoka 2020.

Watu hawa wanadumu kwa sababu ya namna kura zinavyopigwa. Kila jimbo lina viti vitatu hadi vitano, na mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wagombea wa chama kimoja hushindana wao kwa wao jimboni, kwa hiyo bendera ya chama pekee haitoshi. Mbunge lazima ajulikane kwa jina lake, asikilize shida za pensheni, nyumba na barabara, wiki baada ya wiki, hata akiwa waziri.

Willie O'Dea wa Limerick, Baba wa Dáil wa sasa, yumo bungeni tangu Februari 1982. Alikuwa waziri wa ulinzi kuanzia 2004 hadi alipojiuzulu 2010. Mwaka uliofuata chama chake, Fianna Fáil, kiliporomoka hadi viti 20 nchi nzima kwa hasira za wananchi juu ya uchumi ulioanguka. Limerick walimrudisha.