Kukuza fuwele za semikondakta angani: mikondo inayotoweka na ile inayobaki

Semikondakta, yaani vitu kama silikoni vinavyotumika kutengeneza vifaa vya elektroniki, hutiwa uchafu kidogo kwa makusudi, mfano elementi ya telurimu, na uchafu huo unatakiwa usambae sawasawa. Fuwele yake hukuzwa kwa kuyeyushwa kisha kugandishwa polepole. Kwenye tanuri la duniani hilo ni gumu. Kimiminika cha moto ni chepesi, cha baridi ni kizito, basi kimoja hupanda na kingine hushuka bila utulivu. Joto kwenye mpaka wa kuganda, pale kimiminika kinapogeuka kigumu, huyumba, kasi ya kuganda nayo huyumba, na fuwele hutoka na mistari ya uchafu mwingi na mchache.

Witt na Gatos wa MIT walilipima jambo hili kupitia Skylab, kituo cha anga cha Marekani, 1973–74. Fuwele ya indiamu antimonidi, aina ya semikondakta (huyeyuka kwa nyuzi 527 za Selsiasi) ilikuzwa kwanza duniani na kufungwa ndani ya mrija wa kwatzi. Angani iliyeyushwa upande mmoja tu, kipande kigumu kikaachwa kiwe mbegu ambayo fuwele mpya ingeendelea kukua juu yake, kisha joto likashushwa polepole. Ilipokatwa, kung'arishwa na kutiwa asidi, kipande cha duniani kilionyesha mistari. Kile cha angani hakikuwa nayo.

Bila mikondo, uchafu husogea kwa kusambaa peke yake. Gawanya kiwango cha kusambaa kwa kasi ya kuganda: mita za mraba 0.00000001 kwa sekunde, kwa mikromita 5 kwa sekunde, unapata unene wa tabaka la uchafu lililo mbele ya mpaka, milimita 2. Mkondo wa mikromita chache tu kwa sekunde unatosha kulivuruga, kwa hiyo mtikisiko mdogo wa chombo cha angani si wa kupuuzwa.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba graviti ikiondoka kila kitu hutulia. Kimiminika kikiwa na uso wazi, mvutano wa uso hutofautiana kati ya penye moto na penye baridi, na tofauti hiyo huvuta mikondo mipya. Silikoni iliyokuzwa bila mrija wa kuishikilia katika Spacelab-1, maabara iliyobebwa na chombo cha angani, 1983, ilitoka na mistari licha ya kuwa angani. Dawa iliyofanya kazi ni kuifunika kwa utando mwembamba wa oksidi.

Mapovu nayo ni kero, maana hayapandi juu yakatoka. Zaidi ya hayo, indiamu antimonidi, jermaniamu na silikoni hutanuka zinapoganda. Mrija usipoachiwa nafasi hupasuka.