Sensa ya ndege kabla ya mgodi: maana yake

Sensa ya ndege ni sehemu ya tathmini ya athari kwa mazingira, ile ripoti ambayo nchini Tanzania hupitiwa na NEMC, baraza la serikali la kusimamia mazingira, kabla mradi wa mgodi haujapata cheti. Wengi hudhani ni kuorodhesha majina. Orodha unaipata kwa siku mbili. Kazi hasa ni kujua ndege gani anategemea kipande gani cha ardhi, na wako wangapi hapo.

Kwa hiyo eneo hugawanywa kwanza kwa makazi: miombo, vichaka, mbuga ya udongo mweusi, miti ya kando ya mto, mashamba. Kila makazi hupewa vituo vyake, vikiachana kama mita 200 ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Mhesabuji hufika alfajiri, husimama kimya dakika kumi, akiandika kila anayemwona au kumsikia, pamoja na umbali. Huo umbali ndio wanaoupuuza wavivu. Mbugani korongo anaonekana toka nusu kilomita. Msituni chozi, kadege ka gramu chache, anaweza kuwa juu ya kichwa chako usimwone. Ukilinganisha namba ghafi, msitu utaonekana mkiwa kuliko mbuga. Umbali husaidia kurekebisha kasoro hiyo.

Hesabu hurudiwa masika na kiangazi, na pia kati ya Oktoba na Aprili, mbayuwayu na wageni wengine wa Ulaya wakiwa bado huku. Hata nje ya mipaka ya mgodi huhesabiwa, pawepo pa kulinganishia baadaye.

Ziwa Natron linaonyesha kwa nini mara moja haitoshi. Mwaka 2007 palikuwa na mpango mezani wa kuchimba magadi huko, tani 500,000 kwa mwaka. Karibu heroe (flamingo) wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliwa kwenye ziwa hilo, lakini hawana ratiba: mwaka huu wanataga, mwakani wanaweza wasitage kabisa. Anayefika msimu usio wao ataandika "hakuna viota", kwa uaminifu mtupu, na ripoti itapotosha. Viota vyenyewe ni vichuguu vya tope katikati ya magadi, mahali ambapo gari wala mguu haufiki. Huko ndege huhesabiwa kwa ndege, ile yenye rubani.