Je, wajua kwa nini mtu aliyepunguzwa tumbo hatakiwi kujinyima kula?

Watu wakisikia fulani kafanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo wanajua basi, kazi imeisha, hawezi kula sana tena kwa hiyo atakonda tu. Na hata waliofanyiwa wenyewe wengi wanawaza hivyohivyo, tena wengine wanaongezea dayati kali juu yake, asubuhi wanaruka, mchana supu tu, ili kilo zishuke fasta. Hapo ndo mambo yanapoharibika, na ukijua kilichobadilishwa humo ndani utaona kwa nini.

Tumbo la mtu mzima kwa kawaida linabeba kama lita 1 mpaka 1.5. Kwenye operesheni inayofanywa zaidi siku hizi, ile ya slivu, wanakata karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuitoa kabisa, kinabaki kimrija chembamba chenye umbo la ndizi. Kwenye baipasi wanatengeneza kimfuko kidogo cha mililita 30 hivi, kisha wanakiunga na utumbo mwembamba kwa chini, yaani chakula kinaruka kile kipande cha kwanza cha utumbo. Sasa ile sehemu inayokatwa kwenye slivu ndo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa ambayo watafiti wa Japani waliigundua 1999. Ikiondoka, njaa nayo inapotea, na kwa miezi ya mwanzo mtu anaweza kufika jioni hajala kitu na wala hasikii chochote.

Raha eh? Ndo mtego wenyewe huo. Mwili hauna habari na operesheni, bado unataka protini yake, na kiwango ambacho wengi hushauriwa ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai 1 lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mtu ambaye tumbo lake linakubali yai moja tu kwa mkao angehitaji mayai 10 kwa siku ili afike 60, na hapo hajagusa kitu kingine! Ndo maana utasikia kwenye sahani protini inaanza, samaki, kuku, maharage, maziwa ya mgando, halafu mboga, na wanga unakuja mwisho kama nafasi ipo. Na ndo maana wanakula kwa saa, hawasubiri njaa iwaite. Akiruka mlo, ile protini hawezi kuifidia usiku kwa kula mara mbili, haina pa kukaa.

Protini isipotosha mwili unakula misuli. Mzani utafurahisha kweli, ila misuli ndo inayochoma nishati hata ukiwa umelala, ikipungua mwili unazoea kuishi na kidogo, na siku ukirudi kula kawaida kilo zinarudi kirahisi. Nywele nazo: kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya operesheni wengi zinanyonyoka kwa sababu ya mshtuko wa operesheni na kukonda haraka, kwa kawaida zinaota tena, lakini ukosefu wa protini na madini ya chuma unazidisha.

Kuna suala la vitamini pia na hapa watu wanazembea sana. Chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi kwenye kile kipande cha utumbo kinachorukwa kwenye baipasi, na vitamini B12 inahitaji asidi na protini maalumu zinazotoka tumboni, ambazo sasa ni kidogo. Kwa hiyo vidonge ni vya maisha, siyo vya mwaka mmoja, na chuma na kalsiamu visimezwe pamoja maana vinagombana, viachane masaa 2. Na mtu anayetapika siku nyingi mfululizo asikae nyumbani akisema tumbo linazoea, akiishiwa vitamini B1 ubongo unaweza kuathirika kabisa, huyo aende hospitali.

Maji ni lita 1.5 au zaidi, kwa kufundafunda kutwa nzima, siyo na chakula. Baada ya kula wengi wanaambiwa wasubiri nusu saa.

Sasa tuje kwenye kitu kinachowachanganya watu, kwamba tumbo dogo linazuia ukubwa wa mlo tu, halichagui chakula. Chukua tonge la kuku mkavu ambalo halijatafunwa vizuri: linakwama, kifua kinabana katikati, mate yanajaa mdomoni mpaka mtu anakimbilia sinki. Halafu chukua biskuti na chai. Zinalainika, zinateleza zinapita, baada ya dakika kadhaa nafasi ipo tena, na pakiti inaisha bila mtu kusikia ameshiba hata kidogo. Aiskrimu, chipsi za pakiti, juisi, soda, wote ukoo mmoja. Kwa waliofanyiwa baipasi sukari nyingi inaweza kushuka kwenye utumbo ghafla, na kati ya dakika 10 na 30 mtu anatoka jasho, moyo unaenda mbio, tumbo linasokota, anaharisha. Wengine inawapata masaa 1 hadi 3 baadaye, sukari ya damu imeshuka, wanatetemeka. Lakini siyo kila mtu, na asiyepatwa ndo ana kazi zaidi maana hana kengele ya kumzuia.

Na nani anadonoadonoa sana? Mara nyingi ni yule aliyejinyima mchana, jioni njaa imemshika, chakula kigumu kinambana, basi anamalizia na vinavyoteleza.

Njaa yenyewe hurudi, kwa wengi baada ya mwaka wa kwanza. Kuna utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987, wengi wao walifanyiwa kwa njia za zamani kidogo, waliofanyiwa walikuwa wamepungua wastani wa asilimia 23 ya uzito baada ya miaka 2, mwaka wa 10 ikawa 17, mwaka wa 20 ikawa 18. Yaani kidogo kinarudi halafu kinatulia. Mimi naona watu wangeambiwa hili mapema, kuliko mtu aongezeke kilo 4 aone aibu na kuanza kujifungia asile.

Hapo ndo wanakimbilia ile dayati ya siku 5 ya vimiminika tu, eti inarudisha tumbo lisinyae kama siku ya kwanza. Hakuna ushahidi wa maana kwamba inasinyaza kitu. Uzito unaoshuka siku hizo mwingi ni maji, siku ya 6 anakula na maji yanarudi. Bora aandike kwa wiki moja kila kinachoingia mdomoni, hasa katikati ya milo na vinywaji vyote, aende nacho kwa mtaalamu wa lishe wa pale alipofanyiwa, apimwe na damu, maana siku hizi zipo hata dawa za kusaidia kilo zinazorudi, ambazo daktari anaweza kumwandikia ikibidi.