Umeumia ukiwa safarini kwa treni? Madai ya fidia yanaanzia stesheni, si mahakamani

Mama mmoja, mkulima wa zabibu kutoka Mpunguzi, alifika ofisini kwetu hapa Dodoma akiwa na bahasha ya kaki. Miezi kadhaa nyuma alikuwa ndani ya treni iliyofunga breki ghafla. Begi zito la abiria mwenzake liliporomoka kutoka juu, likamvunja mtulinga. Alitibiwa, akapona kwa kiasi, lakini mkono wa kulia haupandi tena kufikia kichala cha juu cha mzabibu.

Nikamwomba risiti. Alikuwa nazo kumi na moja, akazipanga mezani moja moja kwa mkono wa kushoto. Nane zilisomeka. Tatu zilikuwa nyeupe pe. Karatasi zile za mashine hufifia zikikaa kwenye joto, na zake zilikaa juu ya kabati, karibu na dirisha. Mbili tulifanikiwa kuzipata upya kwa mhasibu wa hospitali. Ya tatu, ya duka la dawa lililokwisha kufungwa, ndiyo iliyokuwa na pesa nyingi kuliko zote.

Naanza na risiti kwa sababu katika kitengo chetu cha msaada wa kisheria tunaona madai mazuri yakifa kwa sababu ndogo kama hizi. Mtu ameumia kweli, haki anayo, lakini kilichotakiwa kufanyika siku ile ya ajali au wiki ile ya kwanza hakikufanyika. Wakili hata awe hodari vipi, hawezi kuirudisha siku ile.

Treni sasa zinabeba watu wengi kupita hapa kwetu. Tangu tarehe 25 Julai 2024 treni ya reli ya kisasa inakwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na reli ya zamani bado inawabeba ndugu zetu wa Bahi, Kintinku, Saranda, Manyoni na Itigi. Usafiri wa reli ni salama kuliko mabasi yetu, na mimi mwenyewe naupanda. Ila ajali hutokea, na majeraha mengi hayatokani hata na treni kuacha njia. Mtu anateleza kwenye ngazi ya behewa, mlango unambana vidole, mzigo unamwangukia, au anadondoka treni inapoondoka kabla hajashuka vizuri.

Ukiumia, kitu cha kwanza ni matibabu. Hilo halina mjadala. Lakini kama unaweza kuzungumza, au una mwenzako anayeweza kukusemea, hakikisha tukio linaandikwa kabla treni haijakuacha. Mwambie mhudumu wa behewa au mkaguzi wa tiketi, na ukifika stesheni mwone mkuu wa stesheni au askari wa Polisi Reli. Omba namba ya taarifa. Usiridhike na mtu kukuambia "tumeshalichukua hilo, mama, pumzika". Taarifa ambayo haikuandikwa haina tofauti na tukio ambalo halikutokea, kwa sababu miezi sita baadaye mhudumu yule atakuwa amehamishiwa kituo kingine na hatakukumbuka.

Polisi watakupa PF3, fomu inayojazwa na daktari kueleza jeraha. Wengi huipeleka hospitali, wakaiacha huko na kuisahau. Piga picha kwa simu kila upande wake, ikiwa tupu na ikishajazwa. Soma pia alichoandika daktari. Nimewahi kuona fomu iliyosema "ameanguka" na basi, bila kutaja treni wala behewa. Ameanguka wapi? Nyumbani? Kwenye bodaboda? Neno moja kama hilo upande wa pili unaweza kulitumia kukumaliza. Mweleze daktari ulivyoumia na umwombe kwa heshima aandike chanzo. Ukirudi kliniki, kadi ziendelee kutunzwa, na tiba ikifika mwisho uombe ripoti inayoeleza kiwango cha ulemavu kilichobaki, kama kipo.

Tiketi ndiyo mkataba wako na mwendeshaji, yaani shirika linaloendesha treni. Siku hizi nyingi huja kama ujumbe kwenye simu, na watu hufuta ujumbe nafasi inapojaa. Usifute. Na unapokata tiketi, andikisha jina lako halisi na namba sahihi ya kitambulisho. Kuna wanaokata kwa kitambulisho cha shemeji au cha rafiki ili mradi wasafiri. Sisi wa Dodoma tunapaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, hapa mkoani kwetu, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Miili mingi haikutambuliwa, ikazikwa kwa pamoja, na kuna familia ambazo hadi leo haziwezi kuonyesha kaburi. Jina kwenye tiketi si urasimu. Ndilo linalowaambia watu wako kwamba ulikuwamo.

Mashahidi nao ni walewale uliokaa nao kiti kimoja, mkagawana karanga na maji njia nzima. Chukua namba za simu za wawili watatu. Abiria wakishuka, mmoja anakwenda Kondoa, mwingine Singida, na hutawaona tena.

Sasa nije kwenye karatasi inayonisumbua kuliko zote: ile unayoletewa kusaini ukiwa bado kitandani. Anakuja mtu mpole, ana pole ya kiasi fulani mkononi na karatasi yenye maneno machache. Kupokea pole si kosa. Shida ni pale karatasi inaposema umepokea "malipo kamili na ya mwisho" na huna madai mengine. Ukishasaini hapo, kurudi nyuma ni vita. Mtu mwenye maumivu, ambaye dada yake anahangaika na pesa ya dawa, atasaini chochote, na ndiyo maana nasema usisaini siku hiyo. Sema, "Niachieni nakala, ndugu zangu waisome." Kama nia ni njema, watakuachia. Kama unahitaji sana ile pesa, omba iandikwe kuwa ni msaada wa matibabu na kwamba haifuti madai yako.

Wako pia vishoka wanaozunguka wodini na kuahidi mamilioni kwa makubaliano ya kugawana nusu kwa nusu. Wakili halali ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka husika na ofisi inayojulikana. Usimpe mtu karatasi halisi. Mpe nakala.

Je, ukiumia tu ndani ya treni unalipwa? Hapana, si moja kwa moja. Kwa kawaida unatakiwa kuonyesha kwamba mwendeshaji au mfanyakazi wake hakuchukua tahadhari aliyopaswa kuchukua, na kwamba kukosekana kwa tahadhari hiyo ndiko kulikokuumiza. Anayedai ndiye anayethibitisha, ndivyo Sheria ya Ushahidi inavyosema. Uzuri ni kwamba katika madai ya aina hii kipimo si kile cha kesi ya jinai. Inatosha maelezo yako yawe na uzito kuliko ya upande wa pili. Tena yapo matukio yanayojieleza yenyewe. Behewa halilali ubavu bila sababu, na hapo mwenye treni ndiye anayebaki na maswali ya kujibu.

Watu huuliza, na kama ni mvua? Reli kati ya Kilosa na Gulwe inajulikana kwa kusombwa na maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa vibaya. Mvua ni ya Mungu, lakini kuruhusu treni ipite mahali panapojulikana kwa mafuriko bila kukagua njia ni uamuzi wa binadamu, na uamuzi huo unahojiwa. Vilevile mwenendo wako utahojiwa. Ukiwa umening'inia mlangoni au umerukia treni ikiwa kwenye mwendo, mahakama inaweza kupunguza fidia yako kwa kadiri ulivyochangia kujiumiza.

Fidia yenyewe ina sehemu mbili. Kuna hasara mahsusi, yaani kila shilingi iliyokutoka: dawa, vipimo, nauli za kliniki, mshahara uliokatwa, mtu uliyemlipa akulimie. Hii lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, na ndiyo maana zile risiti nyeupe ziliniuma. Halafu kuna fidia ya jumla, kwa maumivu na maisha yaliyobadilika. Hiyo jaji huikadiria kwa busara yake. Asiye na ajira rasmi asijidharau. Mama lishe ana daftari la mauzo, mkulima ana stakabadhi za mizani, dereva wa bajaji ana hesabu anazotuma kwa tajiri kila jioni kwa simu. Toa nakala ya kila risiti siku hiyohiyo unayoipata.

Ukiwa na karatasi zako, anza kwa kuandika barua ya madai kwa mwendeshaji na uhakikishe nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa. Madai mengi hupata mwafaka hapa. Kwa malalamiko ya huduma na usalama unaweza kwenda LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ikiwamo reli, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma.

Mkishindwana, ndipo mahakama. Hapa wengi hujikwaa. Shirika la Reli Tanzania ni shirika la umma, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, shirika la umma hushtakiwa kwa utaratibu uleule wa kuishtaki Serikali. Kwanza unatoa notisi ya siku 90 inayoeleza unadai nini na kwa msingi gani, na nakala inakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku hizo zikipita, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, katika masjala ya eneo tukio lilipotokea, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Ukimwacha, shauri linaharibika. Ukikimbilia mahakama ya wilaya kwa sababu iko jirani, umepoteza muda na ada.

Na muda una mwisho. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe na miaka 6 kwa madai ya mkataba. Lakini ina kipengele cha mwaka 1 tu, kwa madai yanayotokana na jambo lililofanywa au kuachwa kufanywa katika kutekeleza sheria iliyoandikwa. Mawakili wa upande wa pili watakishika hicho, na mtaanza kubishana kuhusu kalenda kabla hata ya kugusa mguu wako uliovunjika. Kwa hiyo sisi humwambia kila anayekuja ahesabu mwaka mmoja. Notisi itoke mapema ili siku 90 ziishe mwaka ukiwa bado na nafasi. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, lakini ni hiari yake, usiipangie safari. Kwa mtoto aliyeumia, muda hauanzi kuhesabiwa hadi atimize miaka 18. Hata hivyo mzazi asingoje, maana mashahidi hawatamngoja.

Kama ulikuwa safarini kikazi, umetumwa na mwajiri, mweleze mara moja. Unaweza kuwa na haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huko huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Na kama ulikuwa ndani ya basi lililogongana na treni kwenye makutano ya reli na barabara, kama ilivyotokea Manyoni Novemba 2023, angalia kwanza bima ya basi. Bima ya lazima ya vyombo vya moto ipo kwa ajili ya watu kama wewe.

Abiria akifariki, wenye haki ya kudai ni pamoja na mwenza wake, watoto na wazazi waliomtegemea. Mtahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, na kwa mali na madai yake mwenyewe, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Nawasihi familia zisiifunge laini ya simu ya marehemu haraka. Kijana mmoja alikuwa akimtumia bibi yake pesa ya unga kila mwezi, na ile orodha ya miamala ndiyo iliyoonyesha kwamba bibi alimtegemea. Hakukuwa na karatasi nyingine yoyote duniani iliyosema hivyo.

Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo unatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na hautozwi. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa katika wilaya yako. Ukienda, beba kila kitu: tiketi hata iliyochanika, simu yenye ujumbe, kadi za kliniki, eksirei kwenye bahasha yake, na hata ile karatasi uliyosaini kitandani na kuionea aibu. Hiyo ndiyo tunayoomba kuiona kwanza.