Orwell hakuandika kitabu cha kamera

Msimu wa kutetea TFC, kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa chuo, umefika tena hapa Lubumbashi, na tena nimeletewa kazi inayosema George Orwell alitabiri kamera. Ya mwaka jana ilisema alitabiri simu. Iliyotangulia ilisema Facebook. Mwanafunzi anasimama mbele ya jopo, koti limenyooshwa vizuri, anatamka kama mtu aliyefumbua fumbo: "Ule muzee alionaka mbele sana." Wenzangu wanatikisa vichwa kukubali. Mimi naangalia saa.

Basi leo naandika mara moja, ili siku nyingine nitume kiungo tu na kwenda kula bukari (ugali) yangu kwa amani.

Imani yenyewe iko hivi: katika riwaya za distopia, yaani za dunia ya kubuni yenye utawala wa kutisha, mtu anapoteza uhuru kwa sababu kuna jicho linalomtazama. Ondoa jicho, uhuru unarudi. Kwa hiyo riwaya ni onyo juu ya mashine, na mwandishi ni nabii wa mashine. Jambo hili linasemwa kwa uhakika na watu ambao, naona, walisoma kurasa kumi za kwanza na muhtasari wa intaneti.

Tuchukue 1984 yenyewe, iliyotoka mwaka 1949. Asilimia 85 ya raia wa Oceania, dola ya riwaya hiyo, ni maprole, watu wa chini. Na kitabu kinasema bila kuficha kwamba wengi wao hawana hata ile skrini ya ukutani inayomtazama mtu. Wanaotazamwa usiku na mchana ni wanachama wa Chama kinachotawala. Maprole wameachwa wanywe, wacheze bahati nasibu, wapigane na wake zao. Chama kina msemo juu yao: maprole na wanyama wako huru. Sasa, kama jicho ndilo linaloua uhuru, hawa asilimia 85 wangekuwa watu huru kuliko wote duniani na riwaya ingeishia hapo. Kwa nini haiishii?

Nendeni kwenye kilabu cha pombe. Hakuna anayenukuu sehemu hii katika TFC, na kwangu ndiyo moyo wa kitabu. Winston, mhusika mkuu, amemkuta mzee wa zamani, mmoja wa wachache waliokuwa watu wazima kabla ya Mapinduzi. Anamnunulia bia. Ana swali moja tu: maisha ya zamani yalikuwa bora au mabaya kuliko ya sasa? Mzee analalamika kwamba siku hizi bia inapimwa kwa lita: nusu lita haimtoshi, lita nzima inamkimbiza chooni. Anakumbuka kofia ndefu nyeusi aliyoikodi kwa mazishi ya shemeji yake. Anakumbuka kijana mlevi aliyemsukuma barabarani usiku mmoja wa sherehe. Winston anabadilisha swali, analigeuza, analirudisha. Hapati kitu. Anatoka nje akiwa amekata tamaa kuliko alivyoingia.

Angalieni vizuri kilichotokea pale. Mzee hakukatazwa kukumbuka. Hakuna polisi mlangoni. Kumbukumbu anazo nyingi, tena anazimwaga bure. Alichonyang'anywa ni kitu cha kuzipimia. Magazeti ya zamani yameandikwa upya, vitabu vimechomwa, hakuna mtu wa pili wa kumwambia "ndiyo, hata mimi niliona hivyo." Kumbukumbu yake imebaki kama noti za zaire, fedha yetu ya zamani: ziko mfukoni, hazinunui kitu. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema leo ni mbaya kuliko jana, na asiyeweza kusema hivyo hana la kudai. Hakuna haja ya kumtazama.

Ukishaona hilo, sehemu nyingine zinajipanga zenyewe. Mgao wa chokoleti unashushwa kutoka gramu 30 hadi 20. Kesho yake inatangazwa kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama, kwa kuupandisha hadi gramu 20, na Parsons, jirani yake Winston, anameza habari hiyo bila shida. Skrini haikufanya kitu pale zaidi ya kutangaza, kazi ambayo redio yoyote ingeifanya. Au siku ya kwanza ya shajara. Winston anaandika tarehe, 4 Aprili 1984, halafu kalamu inasimama: hana hakika kama kweli ni mwaka 1984. Na shajara hiyo anaiandikia wapi? Katika kipembe cha chumba ambacho skrini haikifikii! Jicho halimwoni. Yuko peke yake na kalamu, na bado hajui ni mwaka gani.

Mtu ataniletea Zamyatin, yule mwandishi Mrusi. Najua. Riwaya yake Sisi aliiandika 1920 na 1921, ikakataliwa kwao, ikatoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, na Urusi yenyewe haikuichapisha mpaka 1988. Humo nyumba zote ni za vioo. Kila mtu anaona kila mtu, na mapazia yanashushwa kwa saa za mapenzi tu, kwa tiketi ya waridi. "Unaona Prof, kutazamwa!" Haya, soma mpaka mwisho basi. Dola hiyo yenye kuta za vioo inaona kila kitu, na bado watu wanaasi. Inafanya nini? Haiongezi vioo. Inawapeleka watu hospitali na kuwaondolea ile sehemu ya ubongo inayowaza kisichokuwapo. Mwandishi alikuwa mhandisi wa meli, alijua kioo kinaweza nini na hakiwezi nini.

Kwa Bradbury na Fahrenheit 451 yake ya 1953 nitapita haraka: kapteni wa wachoma vitabu anasema mwenyewe kwamba mambo hayakuanzia serikalini. Watu waliacha kusoma kwanza, kiberiti kikaja baadaye. Mke wa Montag, mhusika mkuu, ana kuta tatu za televisheni na anachodai ni ya nne.

Atwood na The Handmaid's Tale yake ya 1985 anastahili muda kidogo. Siku moja mwanamke anakwenda kununua sigara, kadi yake haifanyi kazi. Siku hiyohiyo wanawake wote wanafukuzwa kazini, na fedha zao zinahamia kwa waume. Wanafunzi wangu wanakimbilia hapo, wanaandika "udhibiti wa kidijitali." Lakini ukurasa unaoumiza unafuata. Mume wake Luke, mtu mwema, anamwambia asijali, atamtunza daima. Usiku anataka wakumbatiane kama kawaida, na mke anahisi kitu kimehama kati yao: sasa yeye ni wa mume, na huenda mume hachukii hivyo. Hakuna jasusi chumbani. Kuna mume anayempenda, basi. Nikiuliza darasani, "Luke amefanya kosa gani?", wavulana wote wanakuwa na haraka ya kwenda kutafuta basi.

Sasa nifike kwa Huxley, maana ndiye anayenisumbua, na sumbuo lenyewe ni la kwetu hapa. (Aliwahi kumfundisha Orwell Kifaransa kule Eton. Sina la kujenga juu ya hilo, linanifurahisha tu.) Kitabu chake cha 1932, Brave New World, hakina mateso. Watu wanalishwa, wanatibiwa, wanapewa kazi inayowafaa tangu wakiwa chupani, maana humo watu hukuzwa kwenye chupa, na huzuni ikija kuna vidonge vya soma, dawa ya kuleta furaha. Vitabu vya kiada vinasema: tazama, gereza bila ukuta, watu wanapenda utumwa wao. Vizuri. Jaribu kulisema hilo Lubumbashi.

Mji huu umejengwa na Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya shaba. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliamua kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto kambini ana faida kuliko yule wa kukamatwa vijijini kila mwaka. Ikatoa nyumba, posho ya mume, posho ya mke, posho ya kila mtoto, hospitali, shule. Watoto wachanga walipimwa uzito. Gécamines, kampuni ya serikali, ikarithi yote hayo baada ya 1967. Halafu ikaanguka, na mwaka 2003 maelfu wakaondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wazee waliobaki wanaikumbuka kambi kama Edeni. Niliwahi kueleza riwaya ya Huxley mbele ya watu wa rika hilo, nikajaribu kuwaonyesha ubaya wa dunia inayokupangia tumbo, kazi na uzazi. Papa mmoja (ndivyo tunavyomwita mzee hapa) alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mubaya iko wapi, mwalimu? Tulikuwa tunakula."

Jibu la vitabuni ninalo. Kuna ule mjadala maarufu: Mtawala wa ulimwengu ule anamhesabia John, kijana aliyekulia nje yake, matokeo ya kuukataa, kwamba anadai haki ya kuzeeka, ya kukosa chakula, ya kuwa na chawa, ya kuugua homa ya matumbo. John anakaa kimya muda mrefu, halafu anasema anazidai zote. Ukisoma sehemu hiyo ukiwa London, mwili unasisimka. Nilisoma kwa sauti darasani, kijana mmoja anayekaa Katuba, mtaa wa hapa mjini, akasema: "Hizo haki tunazo tayari, Prof." Darasa lote likaanguka kwa kicheko, na mimi pamoja nalo.

Sijapata jibu la kumshinda yule papa. Ninalo la kumpunguzia tu. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo, wenye posho na nyumba, waligoma hapa mjini, wakati ule ukiitwa Élisabethville, wakidai mshahara. Walipigwa risasi. Katika riwaya ya Huxley watu wakifanya fujo polisi wananyunyiza mvuke wa soma, kila mtu anakumbatiana na kulia kwa furaha. Askari wa Élisabethville hawakuwa na mvuke. Kwa hiyo nadhani Huxley alikosea kipimo: matunzo hayakutosha kumfanya mtu asahau kudai. Lakini hapohapo swali linanirudia kwa mlango mwingine. Mbona kambi inakumbukwa kwa utamu hivyo, na 1941 vijana wengi wananiambia hawajawahi hata kuisikia? Yule mzee wa kilabu na kofia yake ya kukodi, si ndiye? Hata hivyo naogopa kumwambia papa wa Gécamines kwamba kumbukumbu yake imeharibiwa. Njaa yake ya leo si hadithi, na anayo haki ya kulinganisha kwa kipimo alicho nacho.

Kuna jambo la pili ambalo wenzangu hawapendi nilitaje. Riwaya hizi zinachukulia kwamba utawala unafaulu. Chumba 101, kile cha mateso katika 1984, kinafanya kazi. Winston mwishoni anampenda Kaka Mkubwa kweli. Mimi nimekulia katika nchi ambapo kila mtu alikuwa mwanachama wa MPR, chama pekee cha Mobutu, tangu tumboni, ambapo mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, Katanga ikawa Shaba, na kabla ya habari za televisheni uso wa Mobutu ulishuka kutoka mawinguni. Watu waliimba, walicheza, walivaa abacost, ile suti isiyo na tai. Jioni radio trottoir, umbea wa mitaani, ilikuwa na kichekesho kipya juu ya mawingu yale. Je, hiyo ni kiimla au ni maigizo ya kiimla? Wengine wanasema kicheko kilikuwa uhuru. Wengine, na siku nyingine mimi ni mmoja wao, wanasema kicheko kilikuwa vali ya kutolea mvuke, ndiyo maana mtungi haukupasuka hadi 1990. Mei ya mwaka huo, wiki chache tu baada ya chama kimoja kuvunjwa kwa hotuba ya tarehe 24 Aprili, wanafunzi waliuawa usiku hapa hapa chuoni. Sioni riwaya ya Ulaya inayonisaidia kushika vyote viwili, kicheko na usiku ule, kwa mkono mmoja.

Anayekaribia ni mwandishi Sony Labou Tansi, wa Kongo-Brazzaville, ng'ambo ya mto, ingawa alizaliwa upande wetu, Kimwanza, mwaka 1947. Katika La Vie et demie ya 1979 dikteta anamuua mpinzani wake Martial kwa kisu, kwa bastola, kwa kila alicho nacho, na Martial anakataa kufa. Wino wake mweusi unamganda dikteta na hautoki. Pale hakuna skrini. Aliyeshindwa kulala pale ni anayetawala. Hilo wanafunzi wanalielewa mara moja, bila mimi kueleza, halafu wanarudi kuniandikia TFC ya kamera kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye intaneti.

Kwa hiyo, kwa wale wa mwaka kesho: kazi yenye neno kamera, simu au nabii kwenye kichwa nitairudisha kabla ya kuifungua. Anayekosa mada achukue mojawapo ya hizi, ziko wazi. Mzee wa kilabuni na swali la Winston. Luke usiku ule, na tafadhali iandikwe na mvulana. Posho na soma, kwa mwenye babu aliyeishi kambini na aliye tayari kukaa naye chini, kumuuliza habari za posho, kisha kumuuliza habari za 1941, kwa mpangilio huohuo, na kuandika alichosema bila kumsahihisha.