Je, kuchekesha kuhusu ulemavu ni kudhihaki?

Wengi huamini kwamba filamu ya vichekesho kuhusu ulemavu lazima imdhalilishe mwenye ulemavu. Hofu hiyo ina msingi: michezo mingi imetafuta kicheko kwa kuigiza kigugumizi au kuchechemea.

Lakini kinachoamua ni nani anayechekwa. Chukua filamu ya dakika tatu: afisa anamkaribisha kwa bashasha mgeni anayetumia kiti cha magurudumu, kumbe mlangoni kuna ngazi tatu, jumla ya kimo sentimita 45. Afisa analaza ubao wa mita moja juu ya ngazi na kujipongeza. Kwa mteremko unaopendekezwa wa 1 kwa 12, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, zingehitajika mita 5.4. Hapo kinachochekesha ni ubao, na mtazamaji anaondoka na kipimo.

Ukitaka kupima filamu yoyote, andika pembeni ya kila kichekesho: anachekwa nani? Jibu likiwa ni mwili wa mtu, kiandikwe upya, na watu wenye ulemavu unaoonyeshwa wausome muswada kabla ya kamera kuwashwa. Baada ya kuhariri, marekebisho ni ghali. Kisha itazame bila sauti. Maandishi ya chini yakitangulia mhusika kusema, kichekesho kimeshaharibika kwa mtazamaji kiziwi; igawe sentensi hiyo katika sehemu mbili.